Msingi wa hesabu: Jinsi gunia 'linavyopotea' kwenye mashine ya kukaushia mahindi

MKULIMA wa Trans Nzoia anayepeleka magunia 100 ya mahindi kukaushwa anaweza kurudi nyumbani akiamini kwamba ameibiwa gunia moja. Mahindi yake yalipopimwa yalikuwa na unyevu wa asilimia 20. Yalipotoka kwenye mashine yalikuwa na asilimia 13.5, ambayo ndiyo kiwango cha juu kinachokubaliwa katika mahindi makavu ya kuuzwa nchini. Hesabu ya kichwani ni nyepesi: 20 ukitoa 13.5 zinabaki 6.5, kwa hivyo magunia sita na nusu yamegeuka mvuke na yamesalia 93 na nusu. Lakini mizani inaonyesha magunia 92 na nusu. Gunia zima la kilo 90 halionekani.

Ugomvi wa aina hii huzuka kila msimu wa mavuno, na si mara zote mwenye mashine huwa na hatia. Gunia hilo halikubebwa na mtu. Lilipotea kwa sababu mkulima alitoa asilimia moja kutoka kwa nyingine ilhali asilimia hizo mbili si za kitu kimoja. Ile 20 ni sehemu ya mahindi mabichi yenye uzito wa kilo 9,000. Ile 13.5 ni sehemu ya mahindi makavu, ambayo uzito wake umekwisha kupungua. Kuzitoa ni sawa na kutoa shilingi ya Kenya kutoka kwa shilingi ya Uganda kwa sababu tu zote mbili huitwa shilingi.

Hesabu iliyo sahihi huanza kwingine. Katika kila kilo 100 za mahindi yaliyoletwa, kilo 20 ni maji na kilo 80 ni nafaka yenyewe. Moto wa mashine hufukuza maji, lakini hauli nafaka. Kilo 80 zilizoingia ndizo zinazotoka. Baada ya kukaushwa, kilo hizo 80 ni asilimia 86.5 ya uzito mpya, kwa kuwa asilimia 13.5 iliyobaki ni maji. Ukigawanya 80 kwa 0.865 unapata kilo 92.5. Maji yaliyotoka basi ni kilo 7.5 kwa kila kilo 100, wala si 6.5. Kwa mzigo wa kilo 9,000, tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni takriban kilo 91.

Kile kilichofanywa hapa, yaani kusema kwanza "tuchukue kilo 100 za mahindi mabichi" kisha kupima kila kitu kingine kwa kilo hizo, ndicho wahandisi wa kemikali hukiita msingi wa hesabu. Wanafunzi wa taaluma hiyo, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Moi kilichoko Eldoret, hukutana nacho mapema katika masomo yao, na wengi hukidharau kwa kukiona chepesi mno. Makosa yao mengi katika mitihani hutokana na dharau hiyo.

Kanuni inayotawala somo zima ni kwamba uzito wa vitu vyote vinavyoingia katika mtambo lazima ulingane na uzito wa vinavyotoka, pamoja na vile vinavyobaki ndani. Huo ndio urari wa uzito. Kanuni yenyewe haibishaniwi na mtu yeyote. Taabu ni kwamba maswali ya kiwandani mara nyingi huja na asilimia tupu: maji haya yana sukari asilimia kadhaa, moshi ule una oksijeni asilimia kadhaa. Hakuna kilo hata moja iliyotajwa. Mhandisi analazimika kujichagulia kiasi fulani cha kitu fulani, akiandike juu ya ukurasa, na asikiache mpaka amalize.

Kiasi hicho chaweza kuwa chochote. Aliyeanza na kilo 100 na aliyeanza na kilo 37 watafika kwenye jibu moja, ila wa pili atakuwa amejitesa bure. Mia moja hupendwa kwa sababu asilimia hugeuka kilo papo hapo bila kuzidisha wala kugawanya.

Desturi hii ni kongwe kuliko taaluma yenyewe. Mfaransa Antoine Lavoisier, katika kitabu chake cha kemia kilichotoka mwaka 1789, alieleza jinsi sukari inavyochachuka na kuwa kileo. Aliorodhesha sukari ratili 100, maji ratili 400 na hamira ratili 10, jumla ratili 510, kisha akahesabu kila kilichopatikana mwishoni ili kuonyesha kwamba hakuna kilichoongezeka wala kupungua. Alikiri waziwazi kwamba katika majaribio yake halisi alitumia ratili chache tu za sukari. Mia ile ilikuwa ya kufikirika, aliichagua ili matokeo yalinganishwe kwa urahisi. Lavoisier aliuawa kwa kukatwa kichwa mwaka 1794 wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, kwa kuwa aliwahi kuwa miongoni mwa watoza ushuru wa mfalme. Ratili zake 100 za kufikirika zingali zinatumika.

Miwa na mtego wa mia mbili

Mahindi ni mfano mwepesi kwa kuwa mashine ni moja na kinachotoka ni maji peke yake. Katika kiwanda cha sukari mambo huwa na hatua kadhaa, na hapo ndipo msingi wa hesabu hudhihirisha umuhimu wake.

Tuseme kiwanda kimepokea miwa yenye nyuzinyuzi asilimia 15. Miwa husagwa na kukamuliwa, huku maji yakinyunyizwa ili kuosha sukari iliyobaki ndani ya makapi. Maji hayo ni tani 25 kwa kila tani 100 za miwa. Makapi yanayotoka upande wa pili yana nyuzinyuzi asilimia 48. Meneja anataka kujua atapata tani ngapi za maji ya miwa.

Msingi unaofaa ni tani 100 za miwa. Nyuzinyuzi zilizomo ni tani 15, na zote huishia kwenye makapi. Kwa hivyo tani hizo 15 ni asilimia 48 ya makapi, na makapi yenyewe ni tani 31.25. Vilivyoingia ni tani 125 za miwa na maji ya kuoshea. Ukitoa makapi, maji ya miwa ni tani 93.75. Haikuhitajika hata mlinganyo mmoja wa aljebra. Nyuzinyuzi zimefanya hapa kazi iliyofanywa na nafaka kavu kwenye mahindi: ni kitu kilichoingia na kutoka bila kubadilika. Mhandisi mwenye uzoefu hutafuta kitu cha aina hiyo kabla ya kushika kalamu.

Hatua inayofuata ni kuchemsha maji ya miwa mpaka yawe shira nzito. Tuseme yanaingia yakiwa na vitu vilivyoyeyuka, hasa sukari, asilimia 14 na kutoka yakiwa na asilimia 65. Mwanafunzi mwenye haraka hufungua ukurasa mpya na kuandika tena "tani 100", safari hii za maji ya miwa. Anapata tani 14 za sukari na vingine vilivyoyeyuka, anagawanya kwa 0.65, anapata shira tani 21.5, na maji yaliyochemshwa tani 78.5. Hesabu hiyo haina kosa lolote ndani yake.

Kosa huja anapoandika kwenye ripoti kwamba kwa kila tani 100 za miwa kiwanda huchemsha tani 78.5 za maji. Mia ya ukurasa wa kwanza ilikuwa ya miwa na mia ya ukurasa wa pili ni ya maji ya miwa. Tani 100 za miwa zilitoa tani 93.75 tu za maji ya miwa, kwa hivyo kila jibu la ukurasa wa pili linapaswa kuzidishwa kwa 0.9375 kabla ya kurudishwa kwenye ripoti. Maji ya kuchemshwa ni tani 73.6. Tofauti ni tani 4.9 kwa kila tani 100 za miwa. Katika kiwanda kinachosaga tani 3,000 kwa siku, hizo ni takriban tani 147 za maji ya kila siku ambazo hazipo, na ambazo mtu angeweza kuziagizia mitungi ya kuchemshia na mvuke wa kuzichemsha.

Haikatazwi kubadilisha msingi katikati ya kazi. Wakati mwingine ni busara, kwani kila mtambo una upande ambao habari zake ni nyingi zaidi. Linalokatazwa ni kuhama kimyakimya. Anayehama anatakiwa kuandika msingi mpya, kisha mwishoni atafute kitu kimoja kinachoonekana katika kurasa zote mbili, hapa ni maji ya miwa, akitumie kama daraja la kurudia.

Kuanza na moshi badala ya makaa

Wengi hudhani kwamba msingi lazima uwe kitu kinachoingia. Mantiki ya kawaida inasema hivyo: mtu huanza na alicho nacho. Lakini kuna maswali ambayo ukianzia mlangoni hufiki popote.

Chukua tanuri linalochoma makaa, na kwa urahisi tuyahesabu makaa hayo kuwa kaboni tupu. Fundi amepima moshi, ukiwa mkavu, akakuta kaboni dayoksaidi asilimia 14, oksijeni asilimia 7 na naitrojeni asilimia 79. Anaulizwa kama tanuri linapewa hewa kupita kiasi. Akianza na kilo moja ya makaa atakwama, kwa maana hajui ni hewa kiasi gani iliyoingia.

Hapa inafaa kuanza na moshi wenyewe. Na kwa kuwa gesi hupimwa kwa ujazo, ambao huenda sambamba na idadi ya chembe na si uzito, kipimo kizuri si kilo bali kilomoli. Kilomoli ni kiasi kinachohesabu chembe. Kilomoli moja ya kaboni ina uzito wa kilo 12, na ya oksijeni kilo 32, lakini idadi ya chembe ni ile ile, atomu katika kaboni na molekyuli katika oksijeni.

Msingi: kilomoli 100 za moshi mkavu. Naitrojeni ni kilomoli 79, na haikuungua. Imeingia na hewa na kutoka ilivyoingia. Hewa ina naitrojeni takriban asilimia 79 na oksijeni asilimia 21, kwa hivyo hewa iliyoingia ilikuwa kilomoli 100, yenye oksijeni 21. Kati ya hizo, 14 ziliungana na kaboni na 7 zikatoka bila kutumika. Hesabu imefunga yenyewe. Oksijeni iliyohitajika ni 14, iliyozidi ni 7, yaani hewa imezidi kwa asilimia 50. Kaboni iliyoungua ni kilomoli 14, sawa na kilo 168.

Akitaka sasa kujua hewa kwa kilo moja ya makaa, anagawanya tu. Kilomoli 100 za hewa zina uzito wa takriban kilo 2,880, na ukigawanya kwa 168 unapata kilo 17 na ushei. Hewa ile iliyozidi hupashwa moto na kutoka nje kupitia bomba la moshi, na anayenunua makaa ndiye anayelipia joto hilo. Swali lililoonekana kuwa la makaa limejibiwa bila kupima hata konzi moja ya makaa.

Inapotokea badiliko la kikemia, kilo 100 hupoteza sehemu ya utamu wake, na fomula yenyewe huwa msingi bora. Magadi yanayochimbwa katika Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado, ni mfano ulio karibu. Yakipashwa moto, sehemu mbili za fomula yake zenye uzito wa 452 hutoa sehemu tatu za magadi soda yanayotumiwa kutengeneza vioo, zenye uzito wa 318. Hutoka pia maji 90 na kaboni dayoksaidi 44. Ukijumlisha 318, 90 na 44 unarudi kwenye 452. Anayetaka tani 1,000 za magadi soda atazidisha kwa 452 na kugawanya kwa 318, apate tani 1,421 za magadi safi ya ziwani. Tani 421 zilizosalia hupaa angani. Mgeni asiyejua jambo hilo angeweza kudhani kwamba karibu theluthi moja ya mali inaibwa njiani.

Majani chai, kuni na unyevu wa aina mbili

Mkulima wa majani chai hukutana na hesabu ii hii ingawa haandiki popote. Majani mabichi huwa na maji mengi sana. Tukichukua asilimia 78, kilo 100 za majani zina kilo 22 tu za kitu kigumu. Chai iliyokaushwa hubaki na maji kama asilimia 3, kwa hivyo kilo 22 hugeuka kilo 22.7 za chai. Huu ndio msingi wa ule usemi wa wakulima kwamba kilo nne na zaidi za majani hutoa kilo moja ya chai. Majani yakiletwa yamelowa mvua na maji yakafika asilimia 82, kilo 100 hutoa kilo 18.6 peke yake. Nyongeza ya asilimia nne kwenye maji imepunguza chai kwa karibu asilimia 18. Karani wa kituo anayenung'unikia majani yaliyolowa ana sababu yake.

Njia moja ya kuepuka tatizo la asilimia zisizolingana ni kupima maji kwa kulinganisha na kitu kikavu, badala ya uzito wote. Mahindi ya kilo 20 za maji na kilo 80 za nafaka yana unyevu wa asilimia 20 kwa uzito wote, lakini kwa nafaka kavu ni 20 kwa 80, yaani asilimia 25. Yaliyokauka yana 13.5 kwa 86.5, yaani asilimia 15.6. Sasa kutoa kunaruhusiwa, kwa sababu nafaka kavu haikubadilika: 25 ukitoa 15.6 ni 9.4, nayo ni kilo za maji kwa kila kilo 100 za nafaka kavu. Mzigo ule wa kilo 9,000 una nafaka kavu kilo 7,200, na maji yaliyotoka ni takriban kilo 676. Ni jibu lile lile la mwanzo.

Njia hii nayo ina hatari yake. Wanaohusika na mbao hupima unyevu kwa mti mkavu, na ndiyo maana wanaweza kusema bila kutania kwamba gogo lina unyevu wa asilimia 100. Maana yake ni kwamba nusu ya uzito wake ni maji. Wenye nafaka hupima kwa uzito wote. Kiwanda kinachonunua kuni tani 10 zenye "unyevu wa asilimia 30" kinapaswa kuuliza asilimia 30 ya nini. Kama ni ya uzito wote, kimenunua tani 7 za mti. Kama ni ya mti mkavu, kimenunua tani 7.7. Bei ni moja na neno ni moja, lakini tofauti ni kilo 700 za kuni.

Mitambo mingi ya viwandani, tofauti na mashine ya mahindi inayojazwa na kumwagwa, hufanya kazi mfululizo usiku na mchana. Hapo msingi huwa wa muda, saa moja au siku moja. Huo hufaa zaidi pale ambapo swali linataja mapema kwamba kiwanda hutoa tani kadhaa kwa saa. Hata hivyo, wengi hufanya hesabu kwa 100 kwanza, kisha hupandisha majibu yote kwa kiwango kimoja mwishoni. Namba ndogo hukaguliwa kwa urahisi, na ukizikosea unaziona.

Kwa mkulima aliyesimama mbele ya mizani na risiti mkononi, hesabu nzima inaweza kufupishwa. Mahindi yanapokaushwa hadi asilimia 13.5, kila alama moja ya unyevu iliyozidi hapo huondoa asilimia 1.156 ya uzito wa mwanzo, na namba hiyo inatokana na kugawanya 1 kwa 0.865. Mahindi yaliyoingia na unyevu wa asilimia 20 yana alama 6.5 za ziada, na 6.5 mara 1.156 ni 7.5. Yaliyoingia na asilimia 25 yana alama 11.5, kwa hivyo magunia 100 yatarudi 86.7, wala si 88.5. Mabaki machache ya vumbi na punje zilizovunjika hupunguza uzito kidogo zaidi. Mwenye mashine akirudisha magunia 84 kati ya hayo, hapo mkulima ana haki ya kuuliza mengine yamekwenda wapi, mradi ana karatasi inayoonyesha uzito na unyevu wa mzigo kabla haujaingia kwenye mashine na baada ya kutoka.